Maswali ya Wasomaji: Hii komplementi ni kitu gani, na mbona haitutafuni wenyewe?

Toleo lililopita niligusia komplementi kwa sentensi mbili tu, nikiwa najibu swali la mtu kuhusu antibodi, zile protini za kinga zinazonasa vijidudu, nikadhani nimepita salama. Kumbe wapi. Barua za hizo sentensi mbili zimekuja nyingi kuliko za mada yenyewe, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wenu. Zilizofanana nimeziunganisha, majina nimeyatoa.

Shikamoo dokta. Nimepimwa damu, kwenye karatasi wameandika C3 iko chini na C4 iko chini, daktari akasema "tutafuatilia kama ni lupasi" afu akaita mgonjwa mwingine. Hii C3 ni vitamini? Nile nini ipande?
*Mwenye wasiwasi*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Si vitamini, na hakuna chakula cha kuipandisha, hilo tulimalize hapahapa. Hiyo herufi C ni ya komplementi, kundi la protini za kinga zaidi ya 30 zinazopambana na vijidudu, nyingine zinazunguka kwenye damu nyingine zimekaa kwenye utando wa seli, na nyingi zinatengenezwa na ini. C3 ndo nyingi kuliko zote, gramu 1 na kitu kwenye kila lita ya plazima, yaani maji ya damu.

Sasa namba ikishuka, ama mwili hauitengenezi vya kutosha ama inatengenezwa lakini inatumika inaisha. Kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, ni hilo la pili. Antibodi zinashika vitu vya mwili wenyewe, kama vile DNA iliyomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa, vinagandana kuwa mabonge madogo, mabonge yanaamsha komplementi, C4 inakatwa, C3 inakatwa, na zilizokatwa hazirudi. Ndo maana daktari aliposikia zote mbili ziko chini akili yake ikaenda lupasi. Ingekuwa C3 imeshuka peke yake na C4 iko sawa angewaza mambo mengine, mfano figo zilizovimba baada ya maambukizi ya bakteria streptokoki kooni. Lakini wapo pia watu C4 yao iko chini tangu kuzaliwa kwa sababu idadi ya jeni za C4 inatofautiana mtu na mtu, hivyo karatasi moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa. Ukirudi muulize kuhusu kipimo cha antibodi za DNA na protini kwenye mkojo, hasa mkojo, maana lupasi ikiingia kwenye figo huwa haigongi hodi.

Na kuna jambo moja hapa mimi lilinichukua miaka kulielewa. Ungedhani mtu aliyezaliwa bila komplementi amesalimika na lupasi, si ndo inayoleta uharibifu? Ni kinyume chake kabisa. Wale wachache wanaozaliwa bila C1q, ile protini ya kwanza kabisa kwenye foleni, karibu wote wanaishia kupata ugonjwa wa aina ya lupasi. Kwa sababu kazi mojawapo ya komplementi ni usafi, kuwekea alama mabaki ya seli zilizokufa ili yazolewe, na yasipozolewa mwili unaanza kuyatengenezea antibodi. Kwa hiyo komplementi inakuumiza ikifanya kazi kupita kiasi, na inakuumiza isipokuwepo.

Niko mwaka wa pili chuoni na mada hii inanitoa jasho. Kwa nini inaanza C1, halafu C4, halafu C2, ndo ije C3? Nani alihesabu hivi? Na hasa hasa, protini inatoboaje bakteria?
*Mwanafunzi aliyechoka*

Walihesabu kwa jinsi walivyozigundua, C4 ikajulikana ya nne, baadaye ndo wakaja kuona kumbe inafanya kazi ya pili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kubadilisha namba. Kaza tu moyo uikariri, wote tumeikariri.

Twende kwenye kazi yenyewe. C1q ina minyororo 18 iliyosukwa kuwa mashina sita, kila shina lina kichwa chake, ukiiona kwenye picha ya darubini ya elektroni utasema shada la maua. Vichwa hivyo vinashika mkia wa antibodi, lakini kimoja kimoja vinashika kwa ulegevu sana, inabidi vishike vingi kwa pamoja. Kwa hiyo antibodi moja ya aina ya IgG iliyokaa peke yake haiamshi kitu, zinatakiwa kadhaa zikae jirani, wakati ya aina ya IgM moja inatosha kwa sababu yenyewe ni tano zilizounganishwa. Na hata hiyo IgM ikiwa inaelea tu haiamshi, mpaka itue kwenye bakteria ikunje miguu kama kaa ndo sehemu ya kushika inafunuka. Mimi huwa naona hapo ndo pametulia kuliko pote kwenye mada nzima, maana bila hivyo damu yetu ingekuwa inawaka muda wote.

C1q ikishashika, C1r inajikata yenyewe na kuikata C1s, C1s inakata C4 na C2, kipande cha C4b kinaganda kwenye bakteria, kipande cha C2 kinakaa juu yake, hapo umepata mkasi wa kukata C3. Hiyo ndo njia ya kawaida, ile inayoanza na antibodi. Njia ya lektini inafika kwenye mkasi uleule ila inaanza na protini inayoshika sukari za aina ya manosi kwenye ngozi ya vijidudu, haihitaji antibodi. Ya tatu, ile mbadala, nitaifikia.

Sasa C3, hapa usinisinzie. Ndani ya C3 kuna bondi ya thioesta kati ya sisteini na glutamini, imefichwa katikati ya protini ambako maji hayaifikii vizuri. Mkasi ukiikata C3 unatoa kipande kidogo cha amino asidi 77, C3a, na kile kikubwa kilichobaki, C3b, kinageuka umbo mpaka ile bondi inatokea nje. Ikishatokea nje inang'ang'ania kitu chochote chenye kundi la haidroksili au la amino, yaani sukari na protini za bakteria, na ikishashika imeshika kweli, ni bondi ya kovalenti, haibanduki kwa kusuguliwa. Ila ina muda mdogo mno, chini ya milisekunde moja, ikikosa pa kushika maji yanaimaliza. Nyingi zinakosa. Lakini ndo uzuri wake huo, kwa sababu kitu chenye uhai mfupi hivyo hakiwezi kusafiri mbali, kinaganda palepale kilipokatiwa, yaani kwenye bakteria na siyo kwenye mishipa yako ya damu.

Njia mbadala haisubiri kuitwa. Muda wote kuna C3 chache ambazo maji yanapenya na kuivunja hiyo thioesta bila mkasi wowote, C3 ya hivyo inashika protini nyingine iitwayo fakta B, fakta D inaikata B, tayari mkasi mdogo umepatikana, unakata C3 nyingine, C3b mpya inashika fakta B nyingine, mkasi mwingine, na kuendelea hivyohivyo. Peke yake mkasi huu unasambaratika ndani ya dakika moja na nusu hivi, ila ikiwepo protini iitwayo propedini unashikamana muda mrefu zaidi. Kwa mtihani wako, njia ya kawaida na ya lektini zinahitaji kalsiamu kuanza, mbadala inahitaji magnesiamu tu, huwa wanapenda kuuliza.

Na kutoboa, ambako ndo uliuliza. C3b zikirundikana mkasi unahamia kwenye C5. Kipande kidogo, C5a, kinaenda kuziita nyutrofili, seli nyeupe za kupambana, kwa fujo. Kikubwa, C5b, kinaokota C6 na C7, kikundi kinajichomeka kwenye utando, C8 inapenya, halafu C9 zinajipanga duara, zinaweza kufika 18, katikati panabaki tundu la nanomita 10 hivi, maji na chumvi vinapita, bakteria anapasuka. Picha nzuri, kila kitabu kinayo, na mie naona imewapotosha wengi. Bakteria wenye ukuta mnene kama pneumokoki hawatoboki kwa njia hii, tundu halifiki kwenye utando. Kwa hao kinachofanya kazi ni ile C3b iliyoganda juu, seli za kinga kama makrofeji na nyutrofili zinaitambua zinammeza. Ushahidi uko kwa wagonjwa: asiye na C3 anaandamwa na maambukizi makali ya kila aina tangu utotoni, asiye na C6 anaishi vizuri tu, isipokuwa meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ndo inamsumbua, tena inaweza kumrudia.

Kaka yangu ana ugonjwa wanauita PNH, akiamka mkojo mweusi, damu inaisha. Wametuambia "komplementi yake inakula damu yake". Sasa mbona ya kwangu hainili mimi, na tumezaliwa tumbo moja?
*Dada mtu*

Dada, swali lako ndo lilitakiwa liwe la kwanza kwenye ukurasa huu. Watu wanadhani komplementi ina akili ya kujua huyu adui huyu mwenzetu. Haina. C3b inatua popote, kwenye bakteria na kwenye chembe zako nyekundu, na hapa unaponisoma zimeshatua kadhaa. Tofauti ni kwamba seli zako zina breki na bakteria hana. Breki hizo ni protini za kwenye utando: CD55 inauvunja mkasi, CD46 inasaidia protini ya damu iitwayo fakta I kuikatakata C3b isifanye kazi tena, CD59 inazuia C9 zisijipange. Na kwenye damu kuna fakta H inayozunguka, yenyewe inapenda kukaa kwenye nyuso zenye asidi ya sialiki kama za seli zetu, ikishakaa mkasi haujengeki hapo.

CD55 na CD59 zimefungwa kwenye utando kwa kamba ya mafuta inayoitwa GPI. Kwa kaka yako, seli mama moja ndani ya uboho imepata hitilafu kwenye jeni ya PIGA, ikashindwa kutengeneza hiyo kamba, watoto wake wote, mamilioni ya chembe nyekundu, wanatoka bila CD55 wala CD59. Komplementi haijabadilika hata kidogo, ni ileile kama yako. Na hitilafu hiyo hakuzaliwa nayo, imetokea ukubwani ndani ya uboho wake yeye tu, kwa hiyo tumbo moja halihusiki, wewe ukae kwa amani.

Dawa ya kwanza ya kuzuia C5, ekulizumabu, ilikubaliwa Marekani mwaka 2007 na ilibadilisha kabisa maisha ya wagonjwa hawa. Inazuia kutoboka, ila C3b zinaendelea kurundikana kwenye chembe na ini na bandama zinazimeza taratibu, ndo maana wengine wanabaki na upungufu wa damu na zikaja dawa za kuzuia juu zaidi, pegsetakoplani ya kuzuia C3 mwaka 2021, na iptakopani ya kuzuia fakta B, ambayo ni vidonge, mwaka 2023. Kama ameanzishiwa yoyote kati ya hizi nisikilize vizuri: dawa imemfanya awe kama yule aliyezaliwa bila C6, kwa hiyo meningokoki ni hatari kwake. Chanjo inatakiwa angalau wiki mbili kabla ya kuanza dawa kama hali inaruhusu kungoja, na homa yoyote hata kama amechanjwa ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kuche.

Afu meningokoki mwenyewe mjanja. Ana protini juu ya ngozi yake ya kuikamata fakta H ya binadamu, anaivaa, komplementi ikija inakuta breki. Watengeneza chanjo wakaichukua protini hiyohiyo wakaiweka ndani ya chanjo ya meningokoki aina ya B, kwa hiyo ile nguo aliyoiba ndo antibodi zinamjulia.

Mimi huvimba midomo, mara mkono, mara tumbo linauma natapika siku mbili tatu. Haiwashi. Nimepewa dawa za aleji mpaka nimechoka, hata sindano za steroidi, hakuna kitu. Mama yangu alikuwa hivihivi.
*Mama wa wawili*

Pole sana mama. Kwa barua siwezi kukwambia una nini, lakini hayo manne kwa pamoja, kutowasha, tumbo, dawa za aleji kugoma na mama kuwa nayo, yanatosha kumwomba daktari akupime C4 na protini iitwayo kizuizi cha C1. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao kizuizi hicho kinapungua. Kazi yake ni kuzifunga C1r na C1s, kikikosekana C4 inakatwakatwa hovyo, ndo maana C4 huwa chini hata siku ambazo hujavimba. Ila uvimbe wenyewe hautoki kwenye komplementi, na hapa hata madaktari huwa wanateleza. Kizuizi hichohicho kinashika enzaimu nyingine iitwayo kalikreini, ikiachiwa inazalisha bradikinini, bradikinini inalegeza mishipa maji yanavuja. Histamini, ile kemikali ya aleji, haihusiki kabisa, sasa dawa ya kuzuia histamini itasaidia nini? Dawa zake zipo, ikiwemo kizuizi chenyewe kinachochomwa kwenye mshipa, na ikatibanti inayozuia bradikinini.

Waambie wapime kiasi na utendaji, vyote viwili, kwa sababu wengine kizuizi kipo cha kutosha ila hakifanyi kazi, ukipima kiasi tu unaambiwa uko sawa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na dawa za presha za kundi la enalapril vinaweza kuchochea, wataje kama unatumia. Na siku uvimbe ukianza kooni, sauti ikabadilika au kumeza kukawa kugumu, usiseme ngoja nione.

Kuna unga unauzwa wa "kuongeza nguvu ya komplementi mwilini". Unafanya kazi?
*Mpenda afya*

Hapana. Na ungefanya kazi ningekukataza, soma tena barua ya dada hapo juu.

Nilitoa damu ya kipimo cha CH50, maabara wakaniita tena eti sampuli ilikaa nje ikaharibika. Wananisumbua tu au?
*Nimechomwa mara mbili*

Hawakusumbui, ila waliokuacha chupa mezani ndo wamekusumbua. Protini za komplementi, ambazo ndizo CH50 inazipima, hazivumilii, zikiachwa kwenye joto la chumba zinaanza kutumika zenyewe na jibu linatoka chini wakati mwilini ziko sawa. Inatakiwa damu ikiganda itenganishwe haraka na seramu, yale maji yanayobaki, igandishwe kwenye baridi kali. Kipimo chenyewe cha kizamani na kizuri, wanachukua chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa antibodi wanazimwagia seramu yako, wanaangalia inatakiwa seramu kiasi gani nusu yake ipasuke.

Udhaifu huohuo ndo uliowafanya watu waigundue. Mwishoni mwa karne ya 19 Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa Paris, aliona seramu ya mnyama aliyekingwa inaua bakteria, akiipasha joto kwenye nyuzi 56 haiui tena, akiongeza tone la seramu mbichi ya mnyama ambaye hajawahi kukingwa inaua upya. Kwa hiyo vitu ni viwili, kimoja kinavumilia joto, hizo ni antibodi, na kingine kinakufa. Paul Ehrlich ndiye aliyekiita komplementi, kwa maana ya kikamilisho, na Bordet akapata Nobeli ya 1919. Mpaka leo mtu akitaka kuiua komplementi maabara anaweka seramu kwenye nyuzi 56 kwa nusu saa.

Dokta, ni kweli sumu ya swila ina komplementi?
*Mbishi wa kijiweni*

Leo umebishia kitu cha kweli. Ndani ya sumu ya swila kuna protini inayofanana na C3 iliyokatwa, na inatokana na C3 ya nyoka mwenyewe. Ikiingia kwenye damu inashika fakta B, inatengeneza mkasi, ila mkasi huu fakta H na fakta I hazina la kuufanya. Ule wetu nimesema unadumu dakika moja na nusu, huu unadumu kama saa 7, unakata C3 mpaka inaisha kwenye damu. Watafiti waliipenda, ukimchoma mnyama wa maabara protini hiyo ikiwa imesafishwa anakaa siku kadhaa bila komplementi, unaona mwili unafanyaje.

Na ilimsaidia marehemu mmoja. Louis Pillemer, mkemia wa Cleveland, alitangaza mwaka 1954 kwamba komplementi inaweza kuamka bila antibodi kupitia protini aliyoiita propedini. Wapinzani wakasema ni antibodi kidogo tu zimebaki kwenye seramu yako bwana, hujagundua kitu. Akafariki 1957 hoja ikiwa bado inapingwa. Miaka ya 1960 watu waliokuwa wanauliza sumu ya swila inamalizaje C3 wakajikuta wameshika fakta B mkononi, mojawapo ya protini za njia ileile aliyokuwa akiisema.